Mtoa Damu Aliyeahidi Watu Mia Nane na Kumi na Wawili

Kazini tunamwita Taratibu, na jina hilo nilimpa mimi. Siku ya kwanza alipoletwa maabara nilikuwa na foleni ya wagonjwa hadi nje ya mlango. Nikamwambia, "Kaka, changamka," naye akaendelea kumfunga mama mmoja mpira wa mkono kama mtu anayefunga zawadi. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Jamani, leo tumeletewa Taratibu." Watu wakacheka, jina likaganda. Sasa ana miaka hamsini na minne, mimi arobaini na saba, na mpaka leo hajachangamka.

Yeye ni mtoa damu. Anakutafuta mshipa, anakuchoma, anajaza vichupa, anabandika lebo, anakuwekea pamba na kukuambia ubane mkono. Mimi ni wa mashine. Kinachoingia kwenye kichupa chake kinatoka kwangu kikiwa herufi na namba. Tumekaa chumba kimoja chenye dirisha moja kwa miaka ishirini na miwili, meza yangu huku, stuli yake kule, na katikati friji ya sampuli inayonguruma. Mume wangu husema Taratibu anazijua habari zangu kuliko yeye. Ni kweli, kwa sababu Taratibu husikiliza.

Miaka sita iliyopita tulipewa kazi ya nchi nzima, na lazima nikueleze ilikuwa kazi gani, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Kinga ya mwili ina walinzi. Kila seli yako imevaa beji, na walinzi hao hukagua beji mchana na usiku: wa humu, pita; mgeni, kamata. Beji hizo tunazirithi, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na vinasaba vinavyozitengeneza vina aina nyingi kuliko vingine vyovyote mwilini. Chini ya bendera moja utakuta watu wa milimani wana aina ambazo watu wa tambarare hawana kabisa, na wa ziwani nao wana zao. Si kwamba kuna aliye bora. Kila upande ulipigana na magonjwa yake, na waliobaki ndio waliotuzaa.

Sasa ukitaka kumwekea mgonjwa uboho wa mtu mwingine, yaani ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, beji kumi tunazopima lazima zifanane, kumi kwa kumi. Zisipofanana, ule uboho mgeni unaweza kuugeuka mwili uliopokea na kuuangamiza. Nchi nyingine zina madaftari ya mamilioni ya watu waliojitolea kutoa. Sisi hatukuwa na hata ukurasa mmoja, wala hatukujua tuna aina gani na ziko upande gani. Ndipo ikaamuliwa tupime watu mia nane na kumi na wawili, tujue kwanza.

Tulizunguka miezi minne. Viwandani, sokoni, kwenye karakana za reli, ofisi za posta. Kila mtu aliulizwa babu zake wawili na bibi zake wawili walitoka wapi, tukaandika. Na kila mtu, kabla ya sindano, Taratibu alimsomea fomu ya ridhaa yote, kisha akaiweka chini na kumwambia kwa maneno yake mwenyewe: "Jina lako litafungiwa kabatini. Damu yako itakuwa namba tu. Hatutakufuata nyumbani, hatutakupigia simu, hatutarudi kukuomba kitu." Watu mia nane na kumi na wawili, hakuruka hata mmoja. Mimi nilikuwa pembeni nikibandika lebo, na nilikuwa nikimkonyeza afupishe. Wapi!

Basi, mambo yakaisha, jedwali likatoka, wakubwa wakalisoma kwenye mkutano, tukarudi kwenye malaria na sukari.

Mwaka jana mdogo wake akaugua. Taratibu ni wa kwanza kwao, kisha kuna wanaume wawili, kisha huyu kitinda mimba, mwalimu wa darasa la tatu. Wamepishana miaka kumi na mitatu. Mama yao alikuwa akifanya kazi ya kufua hospitalini, kwa hiyo Mwalimu amelelewa mgongoni kwa kaka yake. Hata leo wakikaa pamoja, yule dada anamdhihaki kaka yake kwa kutembea kama amebeba mtu. Mimi namjua vizuri. Anacheka mpaka anashika meza.

Alianza kupata madoa meusi mikononi bila kugongwa. Kisha puani damu, mbele ya wanafunzi, ikakataa kukatika. Taratibu alimtoa damu mwenyewe, akaniletea kichupa bila kusema ni cha nani, lakini lebo si ilikuwa na jina? Nilipoona namba zilizotoka nilifikiri mashine imeharibika, nikarudia. Hazikubadilika. Uboho wake ulikuwa umegoma. Haukuwa ukitengeneza damu, wala nyekundu wala nyeupe.

Daktari wa wodi alisema wazi: ataishi kwa kuongezewa damu, lakini si kwa muda mrefu. Homa moja kubwa itamchukua. Dawa yake ni uboho wa mtu mwingine, na bora awe ndugu wa tumbo moja. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye. Walikuwa ndugu watatu, nikajipa moyo. Nikapima wa pili, hapana. Wa tatu, hapana. Taratibu nilimwacha wa mwisho, sijui kwa nini, labda niliogopa. Alilingana naye tano kati ya kumi.

"Nusu haitoshi?" akaniuliza.

"Wako wanaofanya ya nusu huko nje. Hapa hawajaanza."

Akatikisa kichwa, akaenda kumtoa damu mzee mmoja wa presha. Nilimsikia akimwambia pole.

Madaktari wakawaandikia wenye madaftari ya nchi za mbali. Mamilioni ya watu, na jibu likaja mstari mmoja: hakuna. Sikushangaa. Waliojiandikisha huko wengi wao hawana beji za kwetu. Ukimtafuta mtu wa milimani katika daftari lisilo na watu wa milimani, utampata wapi? Nilikasirika hata hivyo. Nilikasirikia kila mtu, pamoja na wale wasio na kosa.

Ndipo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilifungua jedwali letu la zamani, nikaingiza beji za Mwalimu, nikabonyeza. Sikutarajia chochote. Watu mia nane ni nini? Lakini macho yalinitoka pima. Namba 377, kumi kwa kumi. Pembeni pameandikwa: mwanamume, babu wawili na bibi wawili wote wa milimani.

Kwao Taratibu pia ni milimani. Baba na mama, wote. Ikaniingia akilini.

Mtu mwenye busara angenyamaza kwanza, akafikiri. Mimi si mtu huyo. Nilimgeukia palepale nikamwambia, "Kaka, yuko mtu." Hadi leo najilaumu, maana kumwambia mtu kwamba wokovu wa ndugu yake upo, halafu ukamwambia umefungiwa kwenye kabati la chuma hatua sita kutoka alipokaa, ni ukatili.

Tukaenda kwa mkuu wa maabara. Ni mtu mwema ila anapenda karatasi. Akasikiliza, akavua miwani, akasema orodha ya majina haifunguliwi bila kamati ya maadili, na kamati imekaa juzi, itakaa tena baada ya wiki kumi na moja. Akaongeza, "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo," nikamjibu.

"Dada, mimi sikutunga sheria."

"Lakini mgonjwa si unamjua?"

"Ndiyo maana siwezi kuifungua. Leo nimfungulie ninayemjua, kesho nitamkatalia nani?"

Nikatoka nimefura. Sasa nikwambie siri ambayo kila mtu wa jengo letu anaijua. Makabati ya chuma ya maabara yalinunuliwa siku moja, katika duka moja, na funguo zake zinaingiliana. Ufunguo wa kabati la sukari na majani ya chai unafungua kabati la orodha. Wakati wa chakula cha mchana, chumba kikiwa kitupu, nikauchomoa kwenye msumari unakoning'inia na kuuweka juu ya meza mbele ya Taratibu.

Aliutazama muda mrefu. Kisha akausukuma kwa kidole kimoja ukarudi upande wangu.

"Niliwaambia hatutawafuata," akasema.

"Uliwaambia hivyo ukiwa hujui! Hukujua kama dada yako ataugua."

"Nikimwendea huyo mmoja, na wale mia nane na kumi na mmoja niliwadanganya. Kesho nani atatoa damu akiambiwa jina lake linafungiwa?"

"Kaka, dada yako anakufa."

"Najua," akasema. "Usinikumbushe kama vile nimesahau."

Nilimchukia siku ile. Nasema ukweli. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimefanya kazi miaka ishirini na miwili na jiwe. Mume wangu akaniuliza, "Na wewe mbona hukufungua mwenyewe?" Nikamwambia ale anyamaze.

Taratibu alikuwa na mpango, na kwa kuwa ni Taratibu alichukua siku tatu kuuweka sawa. Hatamtafuta 377. Ataanzisha daftari la wachangiaji wa uboho, la wazi, la hiari, mtu anajiandikisha kwa jina lake akijua anajiandikishia nini. Na ataanzia milimani. Kama aina zile ziko huko, basi kwa nini asiende huko? Akimpata mwingine anayelingana, sawa. Na 377 akija kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemfuata. Mkuu akaidhinisha mara moja, hata akatoa gari. Nilishindwa nimbishie wapi.

Alichukua siku zake zote za likizo ya mwaka. Akaondoka na kasha la barafu, vichupa mia nne, na sweta la baba yake. Siku kumi na tisa. Alikaa kwenye zahanati, kwenye ofisi za kata, kwenye shule baada ya masomo, akisoma fomu neno kwa neno. Alinipigia simu kila jioni, si kuniambia habari zake bali kuuliza Mwalimu ameongezewa damu lini na chembe zake za damu ni ngapi. Mwalimu alipata homa mara mbili katika siku hizo. Ya pili ilimfikisha nyuzi arobaini na kitu, akawa anawaita wanafunzi wake mahudhurio. Sikumwambia Taratibu hilo la mahudhurio.

Watu mia tatu na arobaini na mmoja walijiandikisha. Sampuli zilipofika nilizipima siku saba mfululizo, nikala nimesimama. Tano kwa kumi, sita kwa kumi, wawili walifika nane. Kumi, hakuna. Wala 377 hakuwamo, kwa sababu yeye angetoa kumi.

Taratibu akakaa kwenye stuli yake. Nikamwona amezeeka. Akasema wazee, wanawake na watoto ndio waliojaa kule. Vijana na watu wa makamo aliowakuta walikuwa wachache. Kila nyumba aliyoingia aliambiwa mwanangu yuko mjini, kaka yangu yuko mjini, mume wangu anarudi mwisho wa mwaka.

"Na sisi wale mia nane tuliwatolea damu wapi?" akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe.

Nikahesabu kwa vidole: kiwanda cha nguo, soko kuu, karakana ya reli, posta. Yote hapahapa. Fedha za safari hazikutoka, tukapita mjini tu, tukaandika walikotoka mababu. Labda wewe ulishaona tangu mwanzo. Sisi hatukuona, na ni sisi tulioshika kalamu. Mtu wa kwetu akikwambia kwao ni milimani, unamwona yuko milimani, hata kama amesimama mbele yako na tikiti ya basi la mjini mkononi.

"Wewe mwenyewe umelala milimani siku ngapi maishani mwako?" nikamuuliza. "Kabla ya safari hii."

Akafikiri. "Tisa," akasema. "Mazishi mawili."

Tukatazamana. Nikaanza kucheka, cheko baya, la mtu aliyechoka. Yeye hakucheka. Wiki tano zilikuwa zimepotea, na zilikuwa wiki za Mwalimu.

Watu wa milimani walioko mjini wana chama chao cha kusaidiana. Hukutana Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye ukumbi wa shule, wanasomewa majina ya waliofiwa, wanagombania uenyekiti. Taratibu alikuwa mwanachama kwa jina tu. Jumapili ile nilikwenda naye, mimi nikiwa mtu wa tambarare mtupu, nikakaa nyuma na kasha langu. Akapewa dakika kumi. Akatumia ishirini na tano. Akaeleza beji, akaeleza milima, akaeleza kwamba uboho hutolewa kwenye mfupa wa nyonga ukiwa umelazwa usingizi, kwamba utaumwa kiuno siku kadhaa, na kwamba unaweza kukataa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Neno la dada yake hakulitaja. Mzee mmoja akamuuliza, "Na wewe kijana, una faida gani na haya?" Nikasema moyoni, sema sasa, sema, mjinga wewe.

"Kuna wagonjwa wanaosubiri," akajibu. "Ningependa mtu ajiandikishe hata kama hawajui."

Nilitamani kumtupia kasha. Lakini watu wakapanga foleni, hamsini na wanane, na saa tisa alasiri nikawa na vichupa hamsini na nane.

Kichupa cha arobaini na nne kilitoa kumi kwa kumi. Fundi wa friji, miaka thelathini na sita. Kama yeye ndiye 377 sijui, na sitajua. Ufunguo umerudi kwenye msumari wa chai. Wakati huohuo, kabla hata kamati haijakaa, barua ya karani wake ilifika, ikisema ombi ambalo mkuu alilipeleka kwa niaba yetu lirudiwe katika nakala tatu.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Fundi akapimwa moyo, mapafu, kila kitu. Daktari akamkalisha pamoja na mkewe, akamweleza kwamba mgonjwa ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, zaidi ya hapo haruhusiwi kujua mpaka mwaka upite. Akamweleza pia kwamba siku nne kabla ya kutoa, mgonjwa ataanza dawa za kuua uboho wa zamani ili mpya upate nafasi, na tangu dawa hizo zianze, mchangiaji akiacha mgonjwa hana pa kurudi. Fundi akatia sahihi, akauliza kama atapewa cheti cha kuonyesha kazini.

Mwalimu akahamishiwa ghorofa ya tatu, chumba cha kioo. Dawa zikaanza. Nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Aliniandikia kwenye karatasi na kuibandika kiooni: "Mwambie kaka ale." Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye mashine.

Siku moja kabla ya kutoa uboho, Fundi alitakiwa atolewe vichupa vinne vya mwisho. Mkuu alikuwa ameagiza Taratibu asimguse, na aliagiza vizuri. Lakini yule fundi ana mikono minene, mishipa imejificha ndani. Nesi akamchoma mara mbili akakosa. Mtoa damu wetu mwingine yuko likizo ya uzazi. Mkuu akazunguka chumba mara mbili, kisha akasema, "Nenda. Usiseme kitu." Nikafuata na kasha, maana vichupa vile havisubiri.

Fundi alikuwa amekaa kitandani, jasho usoni. Taratibu akamsalimia, akamfunga mpira, akaanza kupapasa mshipa.

"Mzee," Fundi akasema, "ukishatoa hii, bado naweza kuacha?"

Taratibu hakuinua macho. "Unaweza."

"Hata kesho?"

"Hata kesho, kabla hujalazwa usingizi. Fomu inasema hivyo."

"Basi naona niache." Akashusha pumzi kama aliyetua gunia. "Mama yangu analia tangu juzi. Amesikia mfupa wa nyonga ukitobolewa mwanamume hazai tena. Nikamwambia daktari amesema si kweli, akaniambia daktari hakukuzaa. Na mimi nyumbani nina mtoto mmoja tu. Naogopa, mzee. Sitaki kudanganya, naogopa."

Ghorofa mbili juu yetu yule mwanamke alikuwa amemaliza dawa za siku nne. Ndani ya mifupa yake hamkuwa na kitu tena. Fundi alikwisha elezwa yote hayo na kuyatilia sahihi, lakini hofu ikiingia kichwani inafukuza yaliyokuwamo. Nikafungua mdomo. Taratibu akanitazama, mara moja tu, nikaufunga.

Akaufungua mpira mkononi mwa Fundi.

"Ni haki yako," akasema. "Ngoja nimwite daktari, umwambie mwenyewe. Atakueleza tena, kisha utaamua."

"Hunigombezi?"

"Hapana. Kuogopa si kosa."

Fundi akamtazama. Labda alikuwa amejiandaa kugombana, akakosa wa kugombana naye. "Huyo mama mgonjwa," akasema, "wewe unamjua?"

Taratibu alikuwa akiukunja mpira. Akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. "Sheria hainiruhusu kusema namjua au simjui."

"Basi nikuulize mambo yako mwenyewe. Una dada?"

"Ninaye. Mmoja."

"Mzima?"

Nilisubiri aseme sheria hairuhusu. Nilisikia lifti ikifunguka nje na kujifunga.

"Mgonjwa," akasema.

"Na wewe kaka mtu hukumpa?"

"Nilipimwa." Akauweka mpira kitandani. "Tulilingana nusu."

Niligeukia kasha langu nikahesabu vichupa. Vinne. Nikavihesabu tena. Mtu yeyote akiniuliza leo, nilikuwa nahesabu vichupa, sikusikia kitu.

Fundi alijifuta jasho kwa mkono wa shati, akautazama mlango, akamtazama Taratibu usoni kwa muda mrefu mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yao. Kisha akaunyosha mkono juu ya mto.

"Funga mpira, mzee wangu."

Taratibu akafunga. Akapapasa, akapata, akachoma. Vichupa vinne vikajaa, nikavipokea kimoja kimoja, bado vina joto. Akaweka pamba, akamwambia abane.

"Kesho nifike saa ngapi?" Fundi akauliza.

"Saa moja asubuhi," Taratibu akasema. "Na usinywe hata chai."

Alifika saa kumi na mbili na nusu, mama yake akiwa naye, bado analia. Siku ya kumi na tisa baada ya Mwalimu kuwekewa, uboho ulishika, ukaanza kutengeneza damu.